Delia na Pasipoti Zake Mbili

Binti yangu Delia ana pasipoti mbili, na kila moja ina jina lake. Ile ya buluu, ya Marekani, imeandikwa Delia. Ile nyekundu iliyokolea, ya kwetu Ufilipino, ina jina alilopewa siku alipozaliwa, jina ambalo mimi mama yake sikulitamka kwa miaka thelathini na mitatu. Nitaliandika likifika mahali pake. Naeleza haya kwa sababu hapa mtaani kwetu Pasuquin yameelezwa vingine. Wapo wanaosema nilimwandikisha mtoto mara mbili ili nipate mgao wa serikali mara mbili. Mgao gani, sijui. Mwaka ule hata mchele wa shule ulikuwa haufiki.

Alizaliwa mwezi wa Aprili, wakati wa kusuka vitunguu saumu. Baba yake, marehemu Celestino, aliangalia kalenda ya kanisa ukutani, akaona mtakatifu wa siku hiyo, akampa mtoto jina la mtakatifu huyo, kama alivyopewa yeye na baba yake. Juma lile lile akaenda kumwandikisha kwa msajili. Wanaume wa kwetu hawana haraka hiyo. Wengine husubiri mpaka mtoto aanze shule. Nikifikiria sasa, naona laiti angekuwa mvivu kama wenzake.

Mtoto hakukua. Alishikwa na homa, akaharisha, akawa anatapika maziwa. Daktari wa Laoag alitupa chupa mbili za dawa, zikaisha, na mtoto akazidi kupungua mpaka ngozi ya mapaja ikawa inakunjika kama soksi iliyolegea. Alipofika miezi minne, shangazi yake Celestino, Apong Sayong, alikuja na sinia lake la mbao, lile kubwa la kupakulia wali kwenye sherehe. Alisema jina lile limemzidi mtoto uzito, tena ugonjwa umeshalijua. Ukiliita, mtoto anaitika. Akamlaza kwenye mkeka, akamfunika kwa sinia, akaligonga mara tatu, akatangaza kwa sauti kwamba yule mtoto ameondoka, nyumba hii hayumo tena. Kisha akalifunua sinia na kumwita aliyekuwa chini yake: Delia. Tulichinja kuku, tukanywa kikombe kimoja kimoja cha pombe ya miwa, na Apong Sayong akaniambia nisilitamke tena lile jina la kwanza, ugonjwa usije ukasikia ukarudi.

Padri hakuambiwa. Msajili naye hakuambiwa. Siku ya tatu mtoto alianza kunyonya. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka aache. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto aliyekuwa akifa, na wiki mbili baadaye nilikuwa na mtoto anayelia kwa nguvu mpaka majirani wakalalamika.

Basi jina lile likabaki kwenye karatasi. Alipomaliza shule ya msingi nilikwenda kwa mwalimu kabla ya sherehe, nikambembeleza asisome jina la kwenye orodha, asome Delia. Alikubali, ila alinitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani. Delia mwenyewe nilimweleza usiku ule, akiwa na miaka kumi na miwili. Hakucheka. Aliuliza tu yule mtoto wa kwanza alikwenda wapi. Nikamwambia asiulize.

Alikua mtoto wa kazi. Alisuka vitunguu haraka kuliko mimi, vidole vyake havikukosea. Akasoma miezi sita mafunzo ya kutunza wagonjwa, na mwaka ule ule akaolewa na Rodel, kijana aliyezaliwa Hawaii kwa wazazi wa huku kwetu, aliyekuja kwenye sikukuu ya mji na kukaa wiki tatu zaidi ya alizopanga. Rodel anatunza bustani za hoteli. Walihamia Waipahu, karibu na Honolulu huko Hawaii, na Delia akapata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee.

Huko walitumia jina la kwenye karatasi. Walimwandikia kwenye kibao, akawa anakivaa kifuani siku nzima.

"Mama, wananiita yule," aliniambia kwenye simu. Jina lenyewe hakulitaja, kwa sababu nilimfundisha vizuri. "Wakiita nachelewa kuitika. Wanadhani nina tatizo la masikio."

Mwaka ule alikohoa miezi miwili. Rodel alisema ni vumbi la ujenzi. Mimi nilijua ule ugonjwa umekisoma kibao cha kifuani.

Baada ya miaka mitatu ya ndoa aliruhusiwa kuomba uraia. Kuna maswali mia moja ambayo mtu hupaswa kuyajua, kuhusu marais wao, vita vyao na mito yao. Delia alijifunza akiwa kazini. Alikuwa akimtunza mzee mmoja, Apo Tiburcio, aliyekata miwa Hawaii tangu ujana wake, na kila asubuhi akimnyoa ndevu, mzee alimhoji kwa lugha yetu ya Kiilokano. Akikosea, mzee anageuza shavu asinyolewe. Delia anasema kulikuwa na swali moja la mto mrefu kuliko yote ambalo lilimwacha Apo Tiburcio na ndevu upande mmoja mpaka saa nne.

Kwenye fomu ya kuomba uraia palikuwa na swali kama mwombaji angependa kubadili jina. Aliniambia alikaa mbele ya swali hilo kama mtu aliyekuta mlango wazi kwenye nyumba aliyozoea kupita nje yake. Aliandika Delia. Siku ya kiapo walikuwa watu wengi mbele ya jaji, wa nchi nyingi, na jaji akatoa amri kwamba kuanzia siku hiyo wale walioomba watajulikana kwa majina yao mapya. Wakainua mikono wakaapa. Kisha akapanda basi akaenda zamu ya jioni na viatu vyake vya kwenda kanisani.

Nilifurahi sana kuhusu jina. Nilimwambia sasa ugonjwa umepotezwa njia hata ng'ambo ya bahari. Halafu nikamuuliza ameapa nini kingine. Akasema ameapa kuacha utii kwa nchi nyingine zote.

Hilo lilinikaa moyoni. Mwanamke anayenunua mayai yangu, Manang Luz, alilisikia sijui wapi, akaja nalo mpaka mlangoni.

"Kwa hiyo mwanao sasa ni Mmarekani," alisema akihesabu mayai. "Akija utampikia soseji za kopo?"

"Atakula bagoong ya samaki waliochacha kama wewe," nikamjibu.

"Akikumbuka inavyoliwa."

Nilimpa mayai mawili yenye ufa siku hiyo. Lakini nilipobaki peke yangu nilijiuliza kama mtoto anaweza kuapa mbele ya jaji na kuwa wa watu wengine kabisa, hata kwa mama yake.

Miaka miwili baadaye Celestino alianguka shambani, na Delia akaja kuzika. Uwanja wa ndege walimpanga kwenye mstari wa wageni. Afisa alimgongea muhuri wa mwaka mmoja, kwa sababu alizaliwa huku. Angekuwa mgeni mtupu angepewa siku chache. Yeye hakuona hiyo kuwa heshima. Tulipokuwa tunamwosha baba yake alisema, bila kuniangalia, "Nimekuja kumzika baba yangu, Mama, na nimehesabiwa siku."

Aliporudi Honolulu alikwenda kwenye ubalozi wetu mdogo. Sheria yetu inamruhusu aliyezaliwa Mfilipino kuurudia uraia wake bila kuutupa ule mwingine, akiapa tena. Waliapa watu ishirini chumba kimoja. Mzee mmoja karibu naye alilia mpaka wakampa kiti. Delia hakulia, alisema alikuwa na njaa. Basi akawa raia wa huku na huku, uraia pacha kama wanavyouita, na akapewa pasipoti nyekundu. Ila karani alimweleza kwamba serikali ya kwetu inafuata cheti cha kuzaliwa. Amri ya jaji wa Marekani haijaingia kwenye daftari la msajili wa Pasuquin, na kuiingiza huku ni kesi ya miaka. Kwa hiyo pasipoti nyekundu ikatoka na jina lile.

Alisema haina shida. Ile amri ya jaji, karatasi moja yenye majina yote mawili na muhuri uliobinywa mpaka karatasi ikatuna, ndiyo daraja. Anayeiona, anaelewa.

Mwaka ulipotimia tangu kifo cha Celestino ilikuwa tuvue nguo nyeusi, na kwa desturi yetu mtoto wa kwanza hakosi siku hiyo. Delia alikuja akiwa na mimba ya miezi saba. Nilimkataza. Rodel alimkataza. Daktari wake alimwandikia barua kwamba anaweza kusafiri kwa ndege mpaka tarehe kumi na nne na si zaidi. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe kumi na mbili. Aliingia nchini kwa pasipoti nyekundu, mstari wa wenyeji, akanionyesha ukurasa wenye muhuri: hakuna siku zilizoandikwa. Aliupitisha kidole kama mtu anayegusa kitambaa dukani.

Tulifanya sherehe, tukavua nyeusi, watu wakala. Kesho yake Delia alilala mchana kutwa, miguu imevimba, na mimi nikapanga vitu vyake. Nikaikuta ile amri ya jaji ndani ya bahasha laini, pembe moja imeanza kukunjika. Nyumba yetu ina mchwa. Mwaka wa kimbunga tulipoteza nusu nzima ya hati ya shamba. Kila cheti cha nyumba hii tangu wakati huo nimekipiga plastiki, cha ubatizo, cha ndoa, diploma ya Delia, hata risiti ya jeneza. Nikachukua tricycle, pikipiki yenye kibanda cha abiria pembeni, mpaka mjini, kwenye duka la fotokopi, nikalipa peso thelathini. Mashine ikaipitisha karatasi kwenye joto, ikatoka ngumu na inang'aa. Nikaiweka mezani aione akiamka.

Aliamka, akaiona, akakaa kwenye ngazi.

Hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Alipitisha kidole gumba pale palipokuwa na muhuri. Pamelala bapa. Joto la mashine na ile plastiki vilikuwa vimeumeza.

"Mama," alisema, "hii huwa wanaigusa. Wakigusa ndipo wanaamini."

Nikachukua kisu nikaanza kuichana plastiki pembeni. Akanizuia, akanionyesha pale kisu kilipopita. Wino ulikuwa umeanza kutoka na plastiki. Nikakirudisha kisu jikoni.

Akanieleza taratibu, na mimi nikasikiliza kila neno, kwa sababu ndilo jambo lililotupata. Aliingia kwa nyekundu, kwa hiyo lazima atoke kwa nyekundu. Tiketi ni ya jina la Delia, na kule Honolulu wataangalia ya buluu. Afisa wa kwetu atashika pasipoti mbili zenye majina mawili, uso mmoja, na mwanamke mwenye mimba anayetaka kutoka nchini. Asiporidhika atamzuia. Akimzuia mpaka tarehe kumi na nne ipite, hakuna ndege itakayompandisha, na atajifungua huku, mume wake yuko huko, bima yake iko huko, daktari anayejua shinikizo lake la damu yuko huko. Rodel alipiga simu mahakamani. Nakala mpya ni siku kumi, kisha posta. Sisi tulikuwa na siku nne.

Kesho yake tulikwenda Laoag kwa Wakili Quiaoit, mwanamke mfupi mwenye ofisi juu ya duka la dawa. Aliichukua karatasi yangu, akaigonga mezani mara moja, ikalia kama sahani.

"Wewe ni wa tatu wiki hii," aliniambia. "Wa kwanza alileta hati ya shamba. Wa pili cheti cha ndoa. Huyo wa ndoa nilimwambia labda ni heri, angalau kuna kitu hakitachanika."

Delia alicheka. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya wakili nione kama ana wasiwasi. Hakuwa nao. Alisema kuna hati ya kiapo ambayo anaiandika karibu kila siku, kwamba mtu wa jina hili na mtu wa jina lile ni mtu mmoja. Nusu ya mkoa huu wana majina mawili. Lakini aape mtu anayejua, siyo aliyesikia. Mimi, kwa kuwa ndiye mama, na mtu mwingine aliyeshuhudia jina likibadilishwa.

Aliyekuwa hai kati ya walioshuhudia ni Apong Sayong peke yake. Ana miaka themanini na minne, macho yake yamefifia, ila karata anaziona. Tulimtoa kwenye meza ya kamari akiwa anashinda, na njia nzima alinung'unika kwamba mtoto huyu tangu mchanga anamharibia starehe.

Wakili alisoma hati kwa sauti. Alipofika kwenye jina lile alilisoma kama anavyosoma tarehe, na mimi nikaushika mkono wa kiti. Delia alikuwa karibu yangu na tumbo lake limejaa. Ugonjwa ukisikia, sasa una watu wawili wa kuwashika. Wakili akaniuliza kama nathibitisha. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema kichwa hakiandikiki, nijibu kwa mdomo. Nikasema ndiyo. Nikaweka sahihi. Nilishukuru moyoni kwamba nimepita bila kulitaja.

Apong Sayong alibonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha akanigeukia.

"Kwani mbona umekunja uso hivyo?"

Delia akamwambia. "Mama haliiti lile jina, Apong. Wewe ulimkataza."

"Nilimkataza mwaka mmoja," alisema Apong Sayong, akijifuta wino kwenye sketi. "Mpaka uote meno. Nani alimwambia milele?"

Delia alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Wakili naye aligeukia dirishani. Mimi sikucheka. Apong Sayong ni mtu anayesahau kama amekula asubuhi. Atakumbukaje maneno ya miaka thelathini na mitatu? Nilikuwa pale. Sikusikia mwaka mmoja. Au kama alisema, nilikuwa namtazama mtoto.

Tarehe kumi na moja tulisafiri kwa basi la asubuhi mpaka Manila, tukalala kwa binamu yangu anayekaa Pasay. Kesho yake saa sita mchana tulikuwa uwanja wa ndege. Asiyesafiri haruhusiwi kuingia. Mlinzi wa mlangoni aliangalia tiketi na pasipoti ya buluu, majina yalifanana, akampisha. Delia alinibusu mkono, akaingia na sanduku lake na kifurushi cha keki za mchele zilizochomwa kwenye majani ya mgomba. Nilimfuata kwa macho kupitia kioo. Watu wa kampuni ya ndege walimpokea, wakasoma barua ya daktari, wakampa kadi ya kupandia. Akanipungia. Kisha akapinda kona kuelekea kwa maafisa wa uhamiaji, na kioo hakikunionyesha zaidi.

Nilikaa ukingoni mwa njia, karibu na familia moja iliyokuwa ikimsindikiza kijana wao anayekwenda kufanya kazi melini. Walikuwa na sufuria nzima ya wali. Walinikaribisha, nikasema nimeshiba. Nilikuwa sijala tangu jana.

Ujumbe wa kwanza ulisema yuko kwenye mstari. Wa pili ulisema afisa amezichukua zote mbili. Kisha dakika kumi na tano hazikuleta kitu. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani iliyokuwa ndani ya kioo. Ujumbe wa tatu ulisema: wamenipeleka chumba cha pembeni, Mama, usiogope. Mtoto akikuambia usiogope, hapo ndipo pa kuogopa.

Baadaye Delia alinieleza kwamba afisa aliigusa ile karatasi ya plastiki, akaigeuza, akaigusa tena. Akauliza nani ameifanya hivi. Akasema, mama yangu. Akaisoma hati ya kiapo, akauliza nani alikupa majina mawili. Akasema, mama yangu. Afisa akasema mama yako ana shughuli nyingi, akamwita mkubwa wake.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Delia, lakini sauti ya mwanamke mwingine, ya upole na iliyochoka.

"Mama, mimi ni msimamizi wa uhamiaji. Nimekaa na binti hapa, nina hati uliyoapa. Nataka nisikie kwako mwenyewe. Ulizaa mtoto wa kike mwaka themanini na sita, Pasuquin?"

"Ndiyo."

"Ulimwandikisha kwa jina gani?"

"Limeandikwa hapo, Mheshimiwa."

"Naliona. Hati huandikwa na wakili. Nakuuliza wewe uliyemzaa."

Nilisimama. Yule kijana wa melini na mama yake walikuwa wananitazama. Nyuma yangu gari lilikuwa linapiga honi. Nilifikiria mapaja ya mtoto wangu yanayokunjika. Nilimfikiria huyu mwingine, ambaye bado hata jina hana. Na nilijua pia kwamba nikinyamaza, mwanamke yule atafunga faili, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemzuia mwanangu mlangoni, kwa plastiki kwanza na kwa mdomo wangu pili.

"Hermogena," nikasema.

"Sema tena, kuna kelele."

"Hermogena. Hermogena Pagdilao. Ni mwanangu, alizaliwa tarehe kumi na tisa Aprili." Sauti yangu ilikuwa kubwa, watu waligeuka. "Aliugua, karibu afe. Tukamweka chini ya sinia tukamwita Delia, akapona. Kwa msajili hatukurudi. Kosa si lake. Ni mtu mmoja, Mheshimiwa, sina mwingine."

Nikasikia karatasi zikigeuzwa, na mbali kidogo sauti ya Delia ikisema kitu ambacho sikukipata.

"Alikuwa na miezi mingapi?" aliuliza yule mwanamke.

"Minne."

"Wangu alikuwa na sita," alisema. Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza. Kisha akasema nimwambie Delia akirudi safari nyingine awe na nakala safi, na ndani ya simu nikasikia muhuri ukigongwa, mara moja, kwa nguvu.

Delia alichukua simu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Umelisema," aliniambia.

"Unajisikiaje? Kichwa kinauma? Una joto?"

"Mama, nina njaa. Naenda kula keki zako."

Nilibaki pale mpaka ndege yake ilipoondoka. Nilikuwa naangalia simu kila baada ya dakika mbili, nikingojea aniandikie kwamba ana homa. Aliandika kwamba amekaa dirishani. Aliandika kwamba mtoto anapiga teke. Halafu akazima. Yule mama wa kijana wa melini, ambaye hakuniuliza chochote ingawa alisikia kila kitu, alipakua wali na kipande cha samaki akaniwekea mkononi. Safari hii nilikula, na nikaomba tena.

Nilirudi Pasuquin kesho yake. Nilipokuwa ndani ya basi, Honolulu ilikuwa tayari imempokea. Afisa wa huko aliangalia pasipoti ya buluu, akaangalia tumbo, akamwambia karibu nyumbani, akampitisha. Delia anasema hakuchukua hata dakika. Nilimuuliza ile nyekundu ilikuwa wapi. Akasema ilikuwa mkobani, imelala na mwenzake.

Usiku ule nililala bila kuota, na asubuhi Manang Luz alipiga hodi kwa muda mrefu akidhani nimekufa. Alikuwa ameshasikia. Alitaka kujua kama ni kweli mwanangu alifungwa jela Manila. Nilimwambia ndiyo, alifungwa, akatoroka na mayai. Nikamhesabia yake, yote mazima.

Wiki saba baadaye Delia alijifungua mvulana wa kilo tatu na robo. Nilisubiri homa, nilisubiri kuhara, nilimfanya Rodel anionyeshe mapaja ya mtoto kwenye simu, juma baada ya juma. Yamejaa mikunjo, lakini ni ya mafuta. Nilikwenda kwa Apong Sayong kumwambia. Alikuwa anacheza karata, hakuinua kichwa, akasema yeye alishasema mwaka mmoja, na kwamba mimi tangu nilipoolewa sisikii vizuri.

Siku hizi jina lile nalitumia. Delia ana mtoto, ana kazi, husahau. Ikipita wiki hajapiga simu, namwandikia ujumbe mmoja tu: Hermogena, mama yako bado yu hai. Hujibu haraka sana.